Choki Ilikuwa Nzima, na Ushahidi Uko Viwikoni Mwangu

Kwanza tuwekane sawa. Ile video inayozunguka kwenye magrupu, jamaa wa chipsi jirani na banda langu akisema eti "fundi kapigwa shoti na betri ya rimoti", ni uzushi. Betri ya rimoti ni volti 1.5. Mimi nimepigwa na betri ya volti 9, ile ya mstatili, niliyoichomoa kwenye mita yangu mwenyewe ya kupimia umeme. Tuheshimiane.

Ijumaa baada ya swala, baba mkwe kaingia bandani na kanzu yake nyeupe, kaikumbatia taa ya tyubu ya sebuleni kwake kama kachanga. Ugonjwa wake: inawaka ncha mbili tu, wekundu wekundu, katikati giza. Fundi fulani kamwambia choki, ile koili ya waya uliozungushwa kwenye chuma ndani ya fremu ya taa, imekufa, anunue mpya. Nikamwambia, baba, choki nzima, stata, kile kiswichi cha kuwashia tyubu, ndiyo imeganda. Stata inaunganisha njia, ncha zinapata moto, halafu inatakiwa iachie. Pale inapoachia ndipo choki inatema volti mamia kadhaa kwa mpigo na tyubu inawaka. Hii yako imeng'ang'ania, haiachii.

Mzee akaitazama choki, akanitazama mimi. "Lakini mwenzio kasema choki."

Hilo "mwenzio" ndilo lililoniponza.

Mita ilishasoma omu 40, yaani koili haijakatika, kazi imeisha. Lakini mzee na namba za kwenye kioo hawaelewani. Nikaona nimwonyeshe kitu cha macho: choki nzima ukiigusisha kwenye betri kisha ukaachia, inatoa cheche. Koili iliyokatika haitoi. Ni kipimo cha kweli kabisa, anayebisha akajaribu. (Usijaribu.)

Sasa twende polepole, maana video ya jamaa imekata hapa.

Waya mbili za choki nimezimenya. Mmoja nimeubana kwenye chanya kwa gumba la kushoto, shaba tupu juu ya ngozi. Wa pili hasi, mkono wa kulia, vivyo hivyo. Mbagala, saa nane mchana, bati juu ya kichwa, vidole vimelowa jasho. Nikabana. Kimya. Volti 9 hata nywele haisimamishi. Nikamgeukia mzee, nikatabasamu, nikasema, "Baba unaona? Umeme unapita na mimi nimeshika. Anayeijua kazi haogopi."

Niliyasema hayo. Kwa sauti. Wateja wa chipsi waligeuka.

Kisha nikauondoa waya wa kulia kwenye betri. Waya niliuondoa, ila vidole vilibaki vimeushika.

Cheche nilijua itatoka. Kitu ambacho sikukipanga ni itapitia wapi. Maana wadau, kwenye ile choki mkondo ulikuwa tayari unatembea, tuseme ampea 0.15, na choki haina tabia ya kukubali mkondo wake usimame ghafla. Ukiufungia njia, inageuza chanya na hasi na kupandisha volti yenyewe, inapandisha tu, mpaka ipate pa kutokea. Kwa kawaida inaruka hewani, unaona cheche, basi. Siku hiyo kulikuwa na njia rahisi zaidi: fundi mwenye jasho, kashika ncha zote mbili. Mkono hadi mkono nifanyeni ukinzani wa omu 2,000. Zidisha kwa ampea 0.15. Volti 300. Betri ilishatoka mchezoni, hapo ilikuwa ni mimi na choki.

Yote haikufika milisekunde chache, lakini mimi niliishi humo. Vidole vya kushoto vilijikunja vyenyewe. Kiwiko cha kulia kilipaa. Nilikiona kinakwenda kwenye kisahani cha skrubu, nikataka kukizuia, kikakataa. Kisahani kikaruka, skrubu zikatawanyika angani taratibu, moja ikaelekea kwenye karai la chipsi, nikaisikia inapokewa na mafuta: chwaa. Na mdomo ukafunguka.

Neno lililotoka siliandiki. Wa Dar mnalijua. Lina mama wa mtu ndani yake. Nililitamka kamili, halikukatika hata herufi, mbele ya mtu aliyenipa mke, ambaye miaka yote nimemsalimia nikiwa nimeinama.

Kimya kikashuka mpaka kwa wauza vocha.

Mzee akaweka kikombe chake cha kahawa chini. Akauliza kwa upole, "Mama yupi?"

Jamani, hilo swali lina jibu?

Kilichoniua zaidi ni kilichofuata. Mzee kaendesha Land Rover za petroli tangu zikiwa na platini, vile vigusio vya kuunganisha na kukata umeme wa koili ya plagi. Akaniambia, "Mkwe, si ndiyo platini hizo? Zikigusana hakuna kitu. Zikiachana, koili inapiga plagi. Betri volti 12, plagi inapata maelfu. Sisi tulikuwa hatushiki." Halafu akamgeukia jamaa wa chipsi: "Choki nzima."

Mnaouliza kama dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ingenisaidia: ndiyo, kwa betri ingesaidia. Ungeiweka kinyume sambamba na koili, 1N4007 ya kawaida tu, mkondo ukazunguka humo mpaka ukafa wenyewe. Ndiyo maana utaikuta kando ya karibu kila rilei (swichi inayovutwa na koili) ya umeme wa betri. Kwenye taa yenyewe usiiweke, humo tunautaka huo mpigo. Na anayesema jambo hili ni jipya, Joseph Henry kule Marekani aliiandika hiyo cheche ya kukata waya mrefu mwaka 1832, kipimo cha koili, henri, ni jina lake. Sijasoma popote kwamba alikuwa na mkwe mbele yake.

Mengine ni mafupi. Stata ikanunuliwa, taa inawaka, hela ya ufundi sikudai, sahani ya chipsi yenye skrubu nimeilipa. Mke wangu ananiongelesha.

Jana mama mkwe kapiga simu. Kasalimia vizuri, kauliza watoto, kisha akasema amesikia nimemtaja mama wa mtu hadharani, je, ni yeye? Nikamwambia mama, mtandao unakatakata.