Upinde wa ratili ngapi wamtosha pofu?

Jumapili moja pale Sikonge, mkoani Tabora, chini ya mwembe, wanaume wawili nusura wakosane kwa ajili ya upinde. Mmoja ni mzee wa nyuki, mtu aliyetundika mizinga ya magome tangu ujana wake. Wa pili ni kijana, mpwa wake, aliyefika na upinde mpya aliochongewa na fundi. Ugumu wa kuuvuta upinde hupimwa kwa ratili, na ratili moja ni karibu nusu kilo. Kijana alishikilia kwamba upinde usiofika ratili 70 ni wa kufukuzia nyani shambani, si wa kumfumia pofu, yule mnyama wa jamii ya swala mkubwa kama ng'ombe. Mzee akacheka. "Mjomba, babu yako alimwangusha pofu kwa upinde ambao hata wewe ungeuvuta ukiwa darasa la saba."

Nilikuwa nimekaa nao, na sikusema kitu siku ile. Leo nasema, kwa kuwa swali lao huulizwa na kila anayetaka kuwinda mnyama mkubwa kwa mshale. Nazungumzia mwenye leseni, tuelewane hapo. Anayeingia hifadhi ya Ugalla usiku na upinde mgongoni, huyo mambo yake ni ya polisi na mahakama.

Tuanze na kijana, maana hesabu iko upande wake. Pofu dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 900, na nyati hayuko mbali sana naye. Risasi ya bunduki ya .375, ambayo nchi nyingi za Afrika huiweka kuwa ya chini kabisa kwa nyati, hutoka kwenye mtutu na nguvu ya zaidi ya jouli 5,000 (jouli ni kipimo cha nishati). Mshale uliotoka kwenye upinde wa mti wa ratili 50 una kama jouli 40. Arobaini tu! Kwa hiyo mshale haumwangushi mnyama kwa kishindo. Unamuua kwa kukata: chembe, yaani ncha kali ya mshale, inapita katikati ya mbavu, inachana mapafu yote mawili, damu inamwagika ndani na pumzi inakatika. Ukiishia kwenye ngozi na nyama ya bega, umemjeruhi tu, naye atakwenda kufia mahali ambapo fisi watamwona kabla yako. Kina ndicho kila kitu, na kina kinahitaji nguvu.

Hata watunga sheria wa mbali wameliona hilo. Kule Alaska, Marekani, anayetaka kumfuma moose, mnyama wa jamii ya kulungu anayepita kilo 500, lazima awe na upinde wa ratili 50 au zaidi. Kwa paa wao wadogo wameruhusu ratili 40. Namibia wamechukua njia nyingine: wanapima nguvu ya mshale wenyewe ukiwa unaruka, wala hawaulizi upinde unavutwa kwa ugumu gani. Mimi naona Namibia ndio waliokaribia ukweli, na nitaeleza kwa nini.

Lakini mzee naye hakusema uongo. Wasani wa Kalahari, kusini mwa Afrika, kwa jadi huwinda pofu na hata twiga kwa upinde mdogo wa ratili 20 na kitu. Sasa mtu akisikia hivyo atasema basi, ugumu wa nini? Jibu liko kwenye ncha ya mshale. Wasani hupaka sumu inayotoka kwa viluwiluwi vya mdudu fulani, kisha hufuata nyayo kutwa nzima, pengine siku kadhaa, mpaka mnyama alegee. Upinde wao kazi yake ni kutoboa ngozi tu, sumu inamaliza. Kwetu nako sumu ya mishale ina jina lake kwenye Kiswahili, uchungu, na ukilitazama neno lenyewe hutahitaji kuelezwa zaidi. Babu wa kijana yule alikuwa na uchungu kwenye podo, ule mfuko wa mishale. Hapo ndipo mzee alipopasahau.

Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 imeikataza silaha yenye sumu. Ukiiondoa sumu, umeuondoa ule mkono wa pili uliokuwa ukimsaidia mwenye upinde mwepesi. Huwezi kuchukua upinde wa babu, ukaacha uchungu wa babu, halafu ukadai pofu wa babu.

Kuna jambo moja linalonizuia kumpa kijana ushindi wote. Waliangulu wa Kenya, wawindaji wa tembo wa zamani, walikuwa na pinde ndefu zilizopita ratili 100, na bado walipaka sumu. Ugumu ule ulikuwa wa kuvusha chembe kwenye ngozi ya tembo ili sumu ikutane na damu. Yaani hata ratili 100 hawakuziamini peke yake. Na Wamarekani wawili, Saxton Pope na Arthur Young, walipokuja Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa pinde, walikuwa na wenzao wenye bunduki karibu. Anayejisifu kwa ratili ayakumbuke hayo.

Turudi kwenye mwembe. Mzee alikuwa na mizani ya kuning'inia, ile anayopimia ndoo za asali. Akaifunga kwenye tawi, akaupachika ugwe wa upinde wa kijana kwenye ndoana, akauvuta upinde kuelekea chini mpaka ugwe ukafikia urefu wa mshale mzima. Sindano ya mizani ikasimama kwenye kilo 31, yaani ratili 68. Kijana akatabasamu. "Sasa vuta mwenyewe," mzee akamwambia. Kijana akavuta, mabega yakapanda, kiwiko kikaanza kutetemeka. Mzee akachukua kipande cha mkaa, akaweka alama kwenye wano, yaani mti wa mshale, pale mshale ulipokutana na upinde. Vidole vinne vilikuwa vimebaki. Wakaurudisha upinde kwenye mizani, wakavuta mpaka kwenye alama ya mkaa tu: kilo 27.

Kwa hiyo upinde wa ratili 68 mikononi mwake ulikuwa wa ratili kama 60, tena uliotetemeka. Wengi wako hivyo. Namba ya fundi hupimwa upinde ukiwa umevutwa sawasawa, kwa kawaida inchi 28, na mwenye mkono mfupi au bega lililochoka hafiki huko. Porini hali ni mbaya zaidi, maana pofu hasimami kukungojea. Utavuta, atageuka, itabidi uushikilie mpaka ubavu urudi. Wenye pinde za kisasa za kapi hawana shida hiyo, kwa kuwa kapi hubeba sehemu kubwa ya uzito mkono ukishafika mwisho. Wao ratili 70 si jambo. Sisi wa upinde wa mti tunazibeba zote.

Halafu kuna mshale, ambao hakuna aliyeutaja siku ile. Upinde ule ule ukiupa mshale wa gramu 40 badala ya 25, mshale utakwenda polepole zaidi, lakini utachukua nguvu nyingi zaidi ya upinde na utazama zaidi ukikuta mfupa. Chembe ikiwa butu, zote hizo ni bure. Ndiyo maana nikasema Namibia wamekaribia.

Ukinibana nitaje namba, nitasema hivi. Kwa upinde wa mti, bila sumu, pofu asifumwe chini ya ratili 55 unazoweza kuzivuta zote na kuzituliza, mshale uwe mzito, na usiwe mbali naye zaidi ya hatua 20. Swala pala, 40 zinatosha. Nyati? Mimi simfumi, na wewe usinishawishi.

Kijana hakujibu kitu. Alichukua kipande cha chupa, akakaa kwenye mzizi wa mwembe, akaanza kuukwangua upinde upande wa tumboni, kidogo kidogo, akiuvuta na kuutazama kama unapinda sawa huku na huku. Alasiri wakautundika tena na kuuvuta mpaka urefu wa mshale mzima. Kilo 27. Ugumu ni ule ule wa asubuhi, lakini sasa ugwe ulikuwa unausukuma mshale vidole vinne zaidi kabla ya kuuachia. Akavuta mpaka shavuni. Mzee akawa anahesabu kwa sauti, na alipofika saba kiwiko kilikuwa bado kimetulia.