Sinia la Mama Mkwe na Greda la Theluji

Mama mkwe alitua Minneapolis, Marekani, akitokea Tanga, katikati ya Januari. Tulimsihi aje Juni. Akasema Juni ana harusi za watu.

Asubuhi hiyo theluji ilikuwa imekoma, nami niko nje napambana na beleshi. Akatokeza mlangoni, khanga kaifunga juu ya koti langu.

"Mwanangu, kodi hulipi?"

"Nalipa, mama."

"Sasa mbona unamfanyia serikali kazi yake?"

Nikamweleza. Barabara ni ya jiji. Njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba ni ya mwenye nyumba, na anatakiwa awe ameisafisha ndani ya saa 24 tangu theluji ikome. Likitangazwa tangazo la dharura, greda lina ratiba ya siku 3: usiku wa kwanza barabara kuu, kesho yake mitaani upande wa nyumba zenye namba shufwa, keshokutwa upande wa witiri. Gari lililoachwa upande wa zamu linavutwa, na kulikomboa ni pesa.

Mama akaguna. "Kumbe wanafagia kama mwali mvivu, katikati ya chumba tu."

Zamu ilikuwa ya upande wetu. Nimemaliza tu kusafisha njia ya kuingizia gari, greda hilo linanguruma, bamba limelazwa ubavu. Likapita. Barabara ikawa nyeusi inapendeza, na mlangoni kwangu likabaki tuta la theluji ngumu, urefu wa magoti. Tuta hilo nalo, kwa sheria, ni langu. Dereva simlaumu: hawezi kuinua bamba kila penye nyumba, na theluji hairudi mbinguni.

Mama hakutaka habari za bamba. Aliingia ndani akatoka na sinia la pilau, lile kubwa la alumini alilokuja nalo kwa kuwa hayaamini masinia ya ugenini, akaanza kuchota tuta na kuirudishia serikali theluji yake. Kutupa theluji barabarani ni kosa. Lakini mkwe gani atamwambia mama mkwe wake "acha"? Nilisema, "Pole na kazi, mama," nikatazama pembeni.

Greda likarudi kupitia mara ya pili. Mama aliruka. Sinia halikuruka. Lilisombwa na shehena yote na kuletwa mlangoni kwetu, pamoja na riba.

Mama akapiga yowe la msibani. Nikaanza kufukua, majirani wakatoka na mabeleshi yao, kila mtu anafukua asichokijua: wamemwona mama mtu mzima analia huku ananyooshea tuta kidole, basi. Jirani yetu Msomali, aliyewahi kuishi Nairobi, akaninong'oneza, "Ni mtoto?" Sijajibu, ving'ora hivyo. Kuna mtu alishapiga 911, namba ya dharura.

Zimamoto walishuka mbio. Kijana mmoja akachimba kwa mikono, akagusa ukingo, akavuta. Sinia likatoka limejikunja. Watu kimya. Mkuu wao akaligeuza huku na huku, kisha akanitazama mimi, si mama. Nikatoa maelezo kwa Kiingereza kilichojaa samahani.

Mama akafuta machozi, akapokea sinia lake, akawakagua: makoti, mabuti, mabeleshi.

"Hawa si ndio serikali?"

"Ndio, mama."

"Basi waambie wasiondoke. Tuta limebaki nusu."