Funga kitabu ndipo uandike

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Juzi kanipigia simu anaomba nimrushie bando. La nini? "Nashusha madesa ya Ngoswe, mjomba, notsi za ile tamthiliya. Jumatatu tuna jaribio." Kitabu chenyewe umekisoma? "Nimekisoma, ila sina notsi."

Nikachemka. Kitabu umesoma, kalamu unayo, kichwa unacho, halafu unatafuta bando ukachukue mawazo ya mtu usiyemjua hata jina?

Bando nilimrushia, mjomba ni mjomba, ila kwa sharti kwamba hayo madesa na mimi nitumiwe. Nimeyasoma yote. Dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo. Nafasi ya mwanamke: amechorwa kama chombo cha starehe, amechorwa kama mlezi wa familia, amechorwa kama mtu asiye na msimamo. Mgogoro wa nafsi, mgogoro wa kifamilia, mgogoro wa kijamii. Suluhisho: jamii ielimishwe. Futa jina la Ngoswe, weka la tamthiliya nyingine yoyote ya kidato cha nne, uone kama kuna kitakachoharibika. Mtu kajaza kurasa kuhusu kazi ya Edwin Semzaba, na Semzaba mwenyewe hayumo!

Wakati kisa chenyewe kinawaka moto, na sisemi kwa mafumbo. Ngoswe, karani wa sensa, anakwenda kijijini kuhesabu watu. Anamwona Mazoea, binti wa Mitomingi, na kazi ya serikali inakwenda kando. Binti anatoroshwa. Baba mtu kwa hasira anazitia kiberiti karatasi za takwimu. Sasa wewe uliyekisoma usiniletee "athari za uzembe kazini". Niambie wale watu waliokwisha kuhesabiwa wako wapi karatasi zikishakuwa majivu. Na mzee yule anamkomoa Ngoswe, au anakikomoa kijiji chake mwenyewe, ambacho siku ya kupanga mahali pa kujenga shule na zahanati hakitaonekana kwenye hesabu?

Nilimuuliza hilo swali mpwa wangu. Akanyamaza, kisha akacheka. "Ila mjomba, sensa ya 2022 karani alikuja nyumbani na kishikwambi. Mitomingi angechoma nini?"

Nikamwambia andika hiyo. Hiyohiyo, usiipambe! Na chini yake andika swali ambalo hayo madesa hayakuthubutu kuliuliza: Mazoea mwenyewe alitaka nini? Maana humo yeye ni chombo cha starehe, basi, yamekwisha.

Notsi zinatengenezwa hivi, na kwa hili sitaki mjadala. Soma sehemu moja. Funga kitabu, kiweke mbali na mkono. Chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kwa maneno yako, hata kama ni ya mtaani. Utakwama. Jina litakupotea, mfuatano wa matukio utakuchanganya, utahisi kichwa chako ni debe tupu. Vumilia, usichungulie, kwa sababu kule kuhangaika kutafuta ndiko kunakokufundisha. Ukishindwa kabisa ndipo ufungue, na vyote ulivyosahau uviandike kwa wino mwekundu. Kesho kutwa unaanza na vyekundu. Anayeandika huku kitabu kikiwa wazi mbele yake ananakili tu. Mkono unafanya kazi, kichwa kimelala.

Na haya si maneno ya mjomba mkorofi peke yake. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajikumbusha mara tatu bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliokisoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojikumbusha walikuwa bado na asilimia 61 ya habari, wale wa kusoma tu asilimia 40. Sasa unaelewa kwa nini madesa yanapendwa. Ukikesha nayo Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi yanakubeba. Ila mtihani wa taifa hauji kesho yake asubuhi.

Mengine ni madogo. Namba ya ukurasa iandike siku zote, la sivyo utahangaika kutafuta mfano mmoja mpaka usiku wa manane. Acha nafasi upande wa kushoto wa karatasi kwa ajili ya maswali. Mhusika usimwandikie "ana tamaa", andika alichokifanya. Na wale wa kupaka kalamu ya njano ukurasa mzima, hongereni, mna vitabu vya njano.

Kuna shule ambako nakala moja inapita mkono kwa mkono darasa zima, na ikikufikia kurasa za mwisho zimeshachanika. Huko madesa ndiyo kitabu, na siwezi kumlaumu mtoto. Na swali la mtihani linalotaka hoja tatu kutoka kila kitabu linaupokea vizuri tu ule wimbo wa kukariri. Haya, nimekubali, shingo upande. Lakini wa kwangu kitabu alikuwa nacho, kizima, na jalada lake.

Walimu wa Kiswahili, nina ombi moja. Msianze kumimina dhamira ubaoni kabla watoto hawajasoma hata ukurasa. Waacheni wasome kwanza, kisha dakika kumi za mwisho wa kipindi zitolewe karatasi tupu, vitabu vimefungwa, kila mtu aandike alichobaki nacho. Mtasema darasa lina watoto themanini, nani atasahihisha? Msisahihishe. Wabadilishane karatasi na jirani, wabishane wenyewe.