Mama mdogo alipewa dawa ya gesi

Mama mdogo wangu wa Wete alikuwa na miaka 46 siku alipoiacha nazi nusu imekunwa, akainuka kwenye mbuzi na kujilaza ukumbini, jasho likimtiririka. Taya zinamuuma, moyo unamchafuka, mkono wa kushoto mzito. Kituoni tulikompeleka tuliambiwa ni gesi, akapewa vidonge vya kutafuna. Siku ya pili yake, hospitali nyengine, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mshipa wa moyo umeziba.

Mwaka uleule jirani yetu, mwanamume wa rika lake, alijishika kifua barazani. Kikombe cha kahawa hakijatua, gari imeshaitwa. Yeye hakutajiwa gesi.

Hili linaniuma sana. Tumeshakubaliana kwamba moyo ni maradhi ya wanaume na wazee. Ni kweli wanaume huwahi kuugua. Homoni za kike huilinda mishipa mpaka hedhi ikome, ndiyo maana madaktari huhesabu kuwa maradhi yamekuja mapema yakimpata mwanamume kabla ya miaka 55, mwanamke kabla ya 65. Lakini kinga hiyo si ukuta. Sukari huibomoa, na humdhuru mwanamke kuliko mwanamume. Sigara nayo vivyo hivyo. Na wapo ambao mshipa wa moyo huchanika wenyewe bila mafuta yoyote kuganda. Wengi wao ni wanawake, wengine wamejifungua juzi tu.

Kifua kubana ndiyo dalili kubwa kwa wote. Ila kwa wanawake mara nyingi huja na mengine: kichefuchefu, mgongo, kukatika pumzi, uchovu. Mama mdogo kifua kilimbana, nilipomuuliza baadaye alikiri. Alianza kueleza tumbo kwa sababu ndilo lililomkera zaidi, na aliyemsikiliza akaishia hapohapo. Mwanamke akilalamika kifua au taya, apimwe moyo kwanza, gesi itasubiri.

Daktari wa moyo Dar es Salaam alimuuliza kama aliwahi kupata presha au kifafa cha mimba.

"Kwa mtoto wa kwanza," akajibu. "Kwani hayo na moyo wapi na wapi?"

Akaelezwa kwamba mama aliyepitia hayo, hatari yake ya maradhi ya moyo huwa kama maradufu, na alipaswa kupimwa presha na sukari tangu pale. Mtoto huyo sasa ana miaka 23.