Kupiga Picha Magari ya Kale na ya Kasi: Tuanze na Sababu ya Umbo

Katika kila onyesho kubwa la magari utawakuta wapiga picha wamejazana mbele ya gari lile lile, wamesimama wima, kamera zikiwa usawa wa macho, na wote huondoka na picha isiyotofautiana na ya jirani. Tatizo si vifaa. Wengi wetu hupiga picha umbo la gari bila kujiuliza kwa nini waliolibuni walilipa umbo hilo, ilhali swali hilo likiulizwa mapema hubadilisha siku nzima ya mpiga picha: mahali atakapopiga magoti, mwanga atakaousubiri, na hata gari atakalolipita bila kulipiga.

Tuitazame Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954, ambayo milango yake hufunguka kuelekea juu. Karibu kila mtu huipiga picha kutoka mbele, milango yote miwili ikiwa imeinuliwa. Picha hiyo inapendeza, lakini haielezi kitu. Milango ile haikubuniwa kwa ajili ya madaha, bali wahandisi waliijenga bodi juu ya fremu ya mabomba membamba, nyepesi na imara, iliyopanda juu sana ubavuni, kiasi kwamba mlango wa kawaida usingepata nafasi ya kutosha. Anayelijua hilo ataenda pembeni, atashuka chini, na kuielekeza lenzi kwenye kizingiti kirefu na kipana ambacho dereva hulazimika kukivuka ili aketi. Usukani wenyewe uliwekewa bawaba ili uinamishwe na miguu ipate kupita. Kwangu mimi, kizingiti hicho na usukani ulioinamishwa hulieleza gari hilo kuliko milango.

Lamborghini Countach nayo husifiwa kwa milango inayopanda wima. Mfano wake wa kwanza ulionyeshwa Geneva mwaka 1971, nao ulichorwa na Marcello Gandini, yule yule aliyechora Miura, gari jingine la Lamborghini, akiwa katika kampuni ya ubunifu wa magari ya Bertone. Gari ni pana na la chini, na dereva haoni karibu chochote kilicho nyuma yake, hivyo wengi hurudi kinyumenyume wakiwa wameketi juu ya kizingiti, mlango umeinuliwa, kichwa kikiwa nje. Tendo hilo huonekana asubuhi tu, wakati magari yanapoingizwa uwanjani na kupangwa, kabla umati haujafika. Ndiyo maana nasisitiza kufika mapema kadiri waandaaji wanavyoruhusu.

Asubuhi ina faida nyingine, na hii ni ya magari ya kale kwanza. Bodi ya Jaguar E-Type, iliyozinduliwa mwaka 1961, ilitokana na hesabu za Malcolm Sayer, mtaalamu wa mwendo wa hewa aliyewahi kufanya kazi katika utengenezaji wa ndege. Hakuna sehemu yake iliyo bapa kabisa. Jua likiwa chini, mstari mmoja wa mwanga huteleza kutoka kwenye taa ya mbele, hupanda juu ya gurudumu, hushuka mlangoni, kisha hupanda tena nyuma, na jicho hulielewa gari lote kwa mstari huo. Saa sita mchana mstari hupotea, boneti huwaka nyeupe, na pembeni kunakuwa giza. Wengine husema lawama ni ya kamera, lakini mimi naona ni ya saa iliyochaguliwa. Mawingu mepesi yanayotandaza mwanga sawasawa ni bahati kubwa, ingawa wageni wengi wa maonyesho huyanung'unikia.

Mchana naenda kwa magari ya kasi yenye kingo kali na matundu mengi, kwa sababu kivuli kizito huyasaidia. Ferrari F40, iliyotoka mwaka 1987 kuadhimisha miaka 40 ya kampuni na kuwa gari la mwisho kuidhinishwa na Enzo Ferrari mwenyewe, ina mfuniko wa nyuma unaopenyeza mwanga na uliokatwa mipasuo ya kutolea joto la injini yenye tabo mbili, yaani vifaa vya kusukumia hewa ndani ya injini. Rangi yake ilipakwa kwa wembamba, hata msuko wa nyuzi za kaboni huonekana chini yake mtu akisogea karibu. Hapo nawashauri wapiga picha wapunguze mwanga kidogo kwenye kamera, kwani wekundu mkali hujaa upesi na kufuta alama hizo ndogo. Filta ya kuondoa mng'ao huzungushwa taratibu mpaka kioo kipitishe macho, lakini isitarajiwe kutuliza kromu, kwa sababu mng'ao wa chuma kitupu hautiwi adabu na filta hiyo.

Lenzi pana ikisogezwa karibu huvimbisha pua na kuyafanya magurudumu ya nyuma yawe madogo, na hapo kazi yote ya mchoraji imeharibiwa. Heri kurudi nyuma na kutumia lenzi ndefu, milimita 85 au zaidi, hata kama itabidi kusubiri watu wapite. Bila shaka, mtu asiegemee gari wala kulisogelea na bizimu ya mkanda inayoweza kukwaruza rangi.

Jambo ninalolilalamikia zaidi ni jinsi jioni inavyopuuzwa. Magari yanapoondoka, kamera nyingi zimekwisha kufungwa mikobani, na waandaaji wengi huyatolea kwenye njia finyu kati ya mahema na mapipa ya taka. Hapo ndipo gari la mwaka 1961, kama ile E-Type, linapoonekana likilalia upande kwenye kona, uzito ukihamia kwenye tairi za nje, na mtu anayeufuata mwendo wake kwa kamera, shata (kifuniko kinachopitisha mwanga ndani ya kamera) ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, atapata rimu zinazozunguka na bodi iliyo wazi. Waandaaji wangetenga kona moja tu ya njia ya kutokea, wakaweka kamba ya usalama, na kutangaza saa ya magari kuondoka kama wanavyotangaza saa ya kufungua.