Shujaa wa Kusini Hatambuliki kwa Ngozi ya Chui

Kuna picha imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara wiki hii, na imenikera kiasi kwamba nimeshindwa kukaa kimya. Ni mhusika mkuu wa gemu ambayo vijana wetu wanaitengeneza. Kifua kimejazia, ngozi ya chui begani, mkuki mkononi, chale za Kimakonde zimejaa uso mzima. Chini yake maelezo marefu: baba yake aliuawa, bibi alimwachia hirizi, sasa amekuja kulipa kisasi. Watu wanaandika "mmetisha". Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu mtu anatembeaje.

Vijana hawa wana kipaji na nataka gemu yao itoke, ndiyo maana nasema. Mpake shujaa huyo wino mweusi mwili mzima, umsimamishe kati ya mashujaa wengine wenye mikuki. Hata aliyemchora atahangaika kumpata.

Nendeni kwenye kibanda chochote cha gemu, Magomeni au Chikongola, muwaangalie watoto wakicheza Tekken 3. Ni gemu ya mapigano ya 1997, wao hawakuwa wamezaliwa, na bado wanamgombania mpiganaji mmoja humo, Eddy Gordo. Kwa taarifa yenu, Eddy naye baba yake aliuawa. Waulize watoto kama wanalijua hilo. Wanachokijua ni capoeira yake, yale mapigano ya Kibrazili yanayofanana na ngoma: hatulii hata akiwa hapigani, anayumba kushoto na kulia, mara kichwa chini miguu juu, na dogo anayejua batani za mateke tu anamwangusha kaka yake. Mtoto akikusimulia pambano, atainuka kwenye benchi na kuyumba vilevile. Hapo ndipo unajua mhusika amekaa kichwani.

Mario alipotokea mwaka 1981 kwenye Donkey Kong hakuwa hata na jina hilo, aliitwa Jumpman. Mbunifu wake, Miyamoto, alikuwa na vidoti vichache vya kuchorea, kwa hiyo alimpa masharubu ili asihangaike na mdomo, na kofia ili asihangaike na nywele. Kilichobaki ni mtu anayeruka. Mizimwi minne ya Pac-Man, ya 1980, ina umbo moja na rangi tofauti, lakini mwekundu anakufukuza nyuma nyuma na wa pinki analenga mbele yako akuvizie. Ukicheza kidogo tu unaanza kumchukia mmoja zaidi ya mwingine. Hiyo ni tabia, na hakuna aliyeiandikia hadithi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba somo hili tunalo nyumbani. Tazameni mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mchezaji anavishwa kinyago kichwa kizima, cha mbao, wakati mwingine na nywele halisi zimebandikwa. Anaona kupitia mdomo wa kinyago. Mwili umefunikwa nguo, ngozi haionekani. Mbao haicheki wala haikunji uso, kwa hiyo kila kitu kinabebwa na mabega, shingo na miguu. Na bado, kabla lipiko, yaani huyo mwenye kinyago, hajamaliza kuingia uwanjani, watu wameshajua kama ni mzee mkorofi, au Mzungu anayejidai, au kitu cha porini ambacho si mtu. Anakuja kwa hatua fupi fupi, mabega yanatikisika, ngoma inakata, naye anaganda palepale. Shingo peke yake inageuka polepole kuwatazama watoto, na watoto wanakimbia. Aliyekosa tamasha la MaKuYa, lile la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, akawaulize wazee. Wachongaji na wachezaji wa ukanda huu wa mto Ruvuma walilimaliza tatizo la mhusika asiye na uso zamani sana, halafu sisi tunakwenda kuazima ngozi ya chui!

Najua mtaniambia Kratos, yule shujaa wa gemu za God of War, kwamba yeye anapendwa kwa hadithi yake. Sawa, nakubali kwa shingo upande: yule wa 2018 anapendwa pia kwa sababu ya mwanawe na majuto yake. Lakini muulizeni aliyemcheza akumbuke kitu kimoja, atawaambia shoka lile linavyorudi mkononi baada ya kurushwa.

Sauti nayo: mhusika wa Lindi asiongee kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Mkitaka shujaa wa Kusini, mimi ninaye. Mama mbangua korosho. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji wa mkono hupaka majivu vidoleni. Basi mpeni mfuko wa majivu. Kila anaposhika kitu, majivu yanapungua. Yakiisha, mikono inaanza kuungua na yeye anaanza kushika kila kitu kwa ncha za vidole, haraka haraka, akikiachia kabla hakijamuumiza. Mgongo umeinama kwa miaka ya kukaa chini, lakini mikono ina kasi kuliko ya mtu yeyote kwenye gemu nzima. Mchezaji atahesabu majivu yale kama anavyohesabu uhai. Hakuna haja ya kumwambia kwamba maisha ya mama huyu ni magumu, atayahisi mwenyewe kwenye pedi.

Wadogo zangu, mkimtengeneza huyo au mwingine wenu, msinitumie bango. Nitumieni sekunde chache za video, awe wa kijivu, bila nguo wala rangi, anatoka upande mmoja wa skrini kwenda mwingine. Nitaisambaza mwenyewe kwenye kila grupu nililomo.