Kikosi changu cha 2001, na ligi yetu isiyo na karatasi

Ukitaka kumwona Mmarekani mpole wa Seattle akipandwa na mori, mwambie akupangie kikosi chake cha nyota wa besiboli wa msimu wa 2001. Mwaka ule Mariners, timu ya Seattle, walishinda mechi 116, wakapoteza 46, wakaifikia rekodi ya ushindi mwingi ya Chicago Cubs ya 1906, halafu Yankees wakawatoa kabla ya fainali. Kidonda kile hakijapona. Kazini kwetu, zamu ya usiku, mapumziko ya chakula huishia kwenye vikosi hivyo, na mimi mtoto wa Tanga nimeshapanga changu.

Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ni Mike Piazza wa New York Mets, hapo sina maneno. Besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, nampa John Olerud. Wenzangu wanaguna: Jason Giambi alikuwa na wastani wa kupiga wa .342, Todd Helton alipiga hom rani 49, yaani mipira iliyovuka uzio, Olerud 21 tu. Sawa, lakini Helton alichezea Denver, mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira unapaa kirahisi. Na Olerud alikuwa hatoki kwenda kudaka bila helmeti kichwani, maana akiwa chuoni alivuja damu kwenye ubongo akafanyiwa upasuaji. Mtu wa namna hiyo simwachi benchi. Besi ya pili ni Bret Boone, ya tatu Albert Pujols aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia ligi kuu. Kurusha mpira naanza na Randy Johnson, aliyewatoa wapigaji 372 kwa straiki msimu huo, yaani waliokosa au kuacha mipira mizuri mitatu, na anayebisha abishe.

Ugomvi wenyewe uko kwa Alex Rodriguez. Alipiga hom rani 52, lakini alikuwa ameihama Seattle kwenda Texas kwa mkataba wa miaka 10 wenye dola milioni 252. Aliporudi uwanjani hapa mashabiki walimrushia noti za bandia. Wenzangu hawataki hata kulisikia jina lake. Mtu aliyekulia kwenye Simba na Yanga anaielewa hasira hiyo bila kufundishwa, lakini mimi namweka. Hainihusu, sikuwepo. Barry Bonds na hom rani zake 73 namweka pia, na anayetaka kuniletea habari za dawa za kuongeza nguvu apange kikosi chake.

Ichiro Suzuki ndiye wa kwanza kwenye orodha, kabla ya wote. Alitoka Japani ana miaka 27, ana mkalimani, na wajuzi wakasema mwili ule mdogo hautawaweza warushaji wa Marekani. Akapiga mapigo 242 ya kumfikisha besi, akaiba besi 56 kwa kukimbia bila mpira kupigwa, akachukua tuzo ya mchezaji bora na ya mchezaji mpya bora kwa mwaka mmoja. Sisi tuliokuja ukubwani, tukaulizwa kwenye usaili kama tuna uzoefu wa kazi “wa hapa”, tuna sababu zetu za kumpenda.

Nafasi ya mwisho nimempa Brian Giles wa Pittsburgh, timu iliyofungwa mechi 100 mwaka ule. Mechi ya nyota wa ligi ina sheria kwamba kila timu, hata iliyo mkiani, lazima itoe walau mchezaji mmoja. Wamarekani wengi wanailalamikia kwamba inawapa nafasi wasiostahili. Mimi ndiyo sheria yao ninayoihusudu kuliko zote. Kijiweni kwetu kikosi cha msimu kina watu sita wa Simba na watano wa Yanga, au kinyume chake, kutegemea nani kashika gazeti siku hiyo.

Na hapo ndipo ninapowaonea wivu watu hawa. Uwanjani utamkuta mzee kakaa na karatasi yenye vyumba vidogo vidogo na penseli. Mpira ukipigwa ardhini anaandika 6-4-3, basi: mchezaji namba 6 kauokota, kampa namba 4, naye kampa namba 3, wamekufa wawili. Mpigaji akitolewa kwa straiki anaandikwa K. Kama alisimama tu akiutazama mpira ukipita, ile K inageuzwa kinyumenyume. Kwa karatasi kama hizo, kijana ambaye 2001 hakuwa amezaliwa ananibishia leo habari za Olerud, na ananishinda.

Ila wakishakushinda, basi, kimya. Simu inatolewa, takwimu inasomwa, kila mtu anarudi kwenye chakula chake. Nyumbani ubishi ule ule ungemaliza birika zima la kahawa, kashata zikaisha, na muuza kahawa naye akatoa hukumu yake. Hilo dola hazinipi.

Lakini msiniambie kwamba sisi ni watu wa masimulizi tu, kwamba kuandika si jadi yetu. Mwanasimba yeyote atakutajia tarehe 19 Julai 1977, Yanga sita bila, na matatu ya Abdallah Kibadeni. Wanayanga nao wana tano zao za 1968. Kumbukumbu tunazo, tunahifadhi kinachomuuma jirani. Kisichomuuma mtu wa Kariakoo kinaachwa kiliwe na mchwa. Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa Bara 1986. Coastal Union yetu ikachukua 1988. Uliza nani alikuwa beki bora wa msimu ule nchi nzima: kila mzee wa Barabara ya Ishirini pale Tanga atakupa jina lake, kwa kiapo, na hakuna karatasi ya kumsuluhisha na mwenzake.

Kwa hiyo kikosi changu kijacho ni cha ligi ya 1988, kwa sheria ya Wamarekani: kila timu itoe walau mtu mmoja, Simba na Yanga wasizidi wanne kwa jumla. Mwenye magazeti ya mwaka huo stoo, au mwenye baba aliyekuwa akiandika vikosi vya uwanja wetu wa Mkwakwani kwenye daftari, apige picha kurasa anitumie. Naanza na golikipa.